Nane ya Nani? Funzo la Maana Kutoka kwa Plagi ya Gari la Zamani

Wahenga walinena kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Mimi ambaye kazi yangu ya kila siku ni kuwafunza vijana wa chuo kikuu jinsi maneno yanavyobeba maana, sikutarajia kamwe kwamba methali hiyo ingenigeukia mwenyewe, tena kando ya barabara, asubuhi ya baridi kali ya mwezi wa Julai, gari likiwa limezima na furushi la karatasi za mitihani likinisubiri kwenye kiti cha nyuma. Kilichoniaibisha siku hiyo ni plagi nne ndogo, kila moja ikiwa haizidi kidole cha mtu mzima kwa urefu.

Gari lenyewe ni Volkswagen Beetle ya mwaka 1972, urithi kutoka kwa marehemu baba yangu ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Wasomaji wengi wanalijua gari hilo lenye mgongo wa kobe na injini iliyo nyuma. Ndilo lililoshinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1954, mwaka 1957 na mwaka 1962. Kiwanda cha mwisho kilichokuwa kikiliunda, kule Puebla nchini Meksiko, kiliacha kazi hiyo mwaka 2003, baada ya zaidi ya magari milioni 21 ya aina hiyo kutengenezwa ulimwenguni. Tangu hapo, kila mwenye gari kama hili amekuwa mlezi wa yatima: mzazi hayupo tena, na mtoto hana budi kulishwa kwa busara ya jirani.

Ndani ya gari hilo baba aliacha kitabu cha maelezo, na kitabu kinaagiza plagi za Bosch aina ya W145T1. Nilipozitafuta madukani sikuziona. Mwendeshaji mwenzangu wa Volkswagen akanifafanulia kwamba kampuni hiyo ilibadilisha zamani mfumo wake wa nambari, na kwamba ile iliyoitwa W145T1 sasa huitwa W8AC. Nilifurahi. Nikaenda katika duka moja la vipuri jijini Nairobi, nikaegemea meza, nikasema kwa sauti ya mtu anayejua anachokitaka, "Nipe plagi nne za Volkswagen, nambari nane." Kijana wa dukani hakusita. Aliniletea plagi nne za NGK zilizoandikwa B8HS. Niliitazama nane, nikaiona. Nikalipa, nikatoka kifua mbele.

Plagi ziliingia kwenye injini bila taabu yoyote, na kwa siku mbili gari lilikwenda. Siku ya tatu likaanza kile ambacho mafundi wetu hukiita "kumisi": injini inakohoa, inasita, inashtuka, kisha inaendelea kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Siku ya tano likazima kabisa. Fundi niliyemwita ni mzee ambaye amezihudumia Volkswagen tangu ujana wake. Alizifungua plagi zote nne, akazipanga juu ya gazeti. Zilikuwa nyeusi ti, zimevaa masizi makavu kama kitako cha chungu.

"Mwalimu, hizi ulipewa na nani?" akauliza.

"Nilinunua mwenyewe, Mzee. Niliomba nambari nane, kama inavyotakiwa."

Akanitazama kwa huruma kidogo, kisha akauliza swali ambalo sijalisahau hadi leo: "Nane ya nani?"

Ili msomaji aelewe uzito wa swali hilo, yafaa kwanza tueleze kazi ya plagi. Plagi ni mlango unaopitisha umeme kutoka nje ya injini hadi ndani ya chumba cha mwako. Umeme huo huruka mwanya mdogo kati ya ncha mbili za madini, ukatoa cheche, na cheche hiyo ikawasha mchanganyiko wa hewa na petroli. Katikati ya plagi kuna kauri nyeupe inayozuia umeme usitoroke njiani. Jambo hili la cheche ndilo linalojulikana na wengi. Lisilojulikana na wengi ni kwamba plagi ina kazi ya pili, nayo ni kusimamia joto lake yenyewe.

Ncha ya plagi inapaswa kukaa kati ya takriban nyuzi 450 na nyuzi 850 za Selsiasi. Ikipoa chini ya kiwango hicho, masizi hayaungui. Hujikusanya juu ya kauri, umeme ukapata njia ya mkato, na cheche ikakosekana. Ikipata joto kupita kiasi, ncha hugeuka kaa la moto na kuwasha petroli kabla ya wakati wake, pistoni ikiwa bado inapanda. Mapigo ya namna hiyo yanaweza kutoboa pistoni na kuiua injini. Kwa hiyo kila injini hutaka plagi inayopoteza joto kwa kasi inayoifaa. Siri yake imo katika urefu wa ile pua ya kauri iliyo ndani ya ncha. Pua ndefu hulifanya joto lisafiri mbali kabla ya kuufikia mwili wa injini, kwa hiyo plagi hubaki na joto. Pua fupi hulipitisha joto upesi, na plagi hupoa.

Hapo ndipo tunapopata majina yaliyozoeleka ya "plagi moto" na "plagi baridi". Majina haya yamewapotosha wengi. Wapo wanaoamini kwamba plagi moto hutoa cheche yenye nguvu zaidi, na kwamba mwenye gari mvivu anapaswa kuinunua ili gari lichangamke. Haya si kweli hata kidogo. Fikiria vyumba viwili vyenye jiko la makaa la aina moja: kimoja kina dirisha pana, kingine kina kitundu tu. Moto ni ule ule. Kinachotofautiana ni joto linalobaki chumbani. Injini ya upole, inayotembea mjini polepole, hutaka plagi yenye kitundu. Injini ya mashindano, inayokimbizwa kwa ghadhabu siku nzima, hutaka plagi yenye dirisha pana.

Sasa turudi kwenye ile nane. Kiwango hiki cha joto huandikwa kwenye plagi kwa nambari, na kila kampuni ina kaida yake. Katika plagi za NGK na za Denso, kadiri nambari inavyokuwa kubwa ndivyo plagi inavyokuwa baridi. Katika plagi za Champion na za Bosch za siku hizi, mambo ni kinyume: kadiri nambari inavyokuwa kubwa ndivyo plagi inavyokuwa moto. Nane ya Bosch ni plagi ya injini ya upole. Nane ya NGK ni plagi ya injini inayochemka. Volkswagen yangu ilihitaji nane ya kwanza, ambayo kwa lugha ya NGK ni tano, yaani B5HS. Mimi niliipa nane ya pili, nikaivalisha shati la mkimbiaji asubuhi ya kipupwe.

Mkanganyiko hauishii hapo. Bosch ile ile, katika mfumo wake wa kale, ilikuwa ikihesabu upande mwingine: W175T1 ilikuwa baridi kuliko W145T1. Mfumo ulipobadilika, 145 ikawa 8 na 175 ikawa 7. Hivyo, ndani ya kampuni moja, nambari kubwa ilimaanisha ubaridi katika zama za baba yangu, na humaanisha joto katika zama zangu. Au chukua plagi nne ambazo kwa kawaida hutumiwa mahali pamoja: BP6ES ya NGK, N9YC ya Champion, W7DC ya Bosch na W20EP-U ya Denso. Sita, tisa, saba na ishirini, na zote zinakaribiana kwa joto. Anayezilinganisha kwa nambari peke yake ni sawa na anayelinganisha shilingi na dola kwa kutazama tarakimu zilizochapwa kwenye noti.

Kwa mwanaisimu, hili halikupaswa kuwa jambo geni. Ferdinand de Saussure, mtaalamu wa Uswisi ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1916 baada ya kifo chake, alifundisha kwamba ishara haina maana kwa asili yake, bali hupata thamani kutokana na mfumo ilimo. Nimelifundisha wazo hilo kwa miaka mingi, na mfano wangu umekuwa saa zetu za Kiswahili. Mwalike mgeni asiyezijua saa zetu aje saa nane mchana kwa chakula. Akiihesabu nane yake ya Kiingereza, atabisha hodi jioni, wali umepoa na wenyeji wamechoka kungoja. Nane ni nane, lakini mwenye nane ni nani? Mfano huo nilikuwa nao mdomoni kila muhula, dukani ukanitoka.

Tukiyaacha majuto, mtu anayetaka kuchagua plagi za gari la zamani aanzie wapi? La kwanza ni umbo, maana hapo kosa huumiza papo hapo. Plagi nyingi zina hesi, yaani ile mistari inayozunguka na kuikaza, yenye upana wa milimita 14, ingawa baadhi ya magari ya kale hutumia milimita 18. Upana pekee hautoshi. Ni lazima kujua pia urefu wa sehemu hiyo yenye hesi. Volkswagen yangu hutaka milimita 12.7. Plagi ya milimita 19 itaingia ikikaa vizuri machoni, ilhali ndani imechomoza kupita kiasi na yaweza kugongana na pistoni. Kinyume chake, plagi fupi katika injini ya plagi ndefu huacha hesi tupu zinazojaa masizi. Katika alama za NGK, herufi H huashiria milimita 12.7 na herufi E huashiria milimita 19. Herufi moja, na injini nzima iko rehani.

La pili ni kiwango cha joto, ambacho tumekieleza. Anza na agizo la aliyeiunda injini, kisha ulitafsiri kwa kutumia jedwali la kampuni unayoinunua. Usibahatishe.

La tatu ni mwanya wa cheche. Magari ya kale yanayotumia pointi na koili ya kawaida hayana umeme mwingi wa kurusha mbali. Mwanya wa milimita 0.6 hadi 0.7 huyafaa mengi yao, Volkswagen yangu ikiwemo. Plagi iliyopangiwa gari la kisasa yaweza kuja na mwanya wa milimita 1 au zaidi, na koili ya zamani itahangaika kuuruka, hasa asubuhi ya baridi. Pima kwa geji kabla ya kufunga, hata kama boksi ni jipya.

La nne ni herufi R, inayoashiria kwamba ndani ya plagi kuna kizuizi cha umeme, aghalabu cha takriban omu 5,000, kinachopunguza mikwaruzo katika redio. Magari mengi ya kale hayadhuriki nayo, lakini ikiwa nyaya na vifuniko vya plagi tayari vina vizuizi vyake, si busara kurundika kimoja juu ya kingine. La tano ni madini. Plagi za iridiamu na platinamu hudumu muda mrefu, na hilo lina faida katika gari la kisasa ambalo plagi zake zimefichwa mahali pagumu. Gari la zamani lenye kabureta hufunguliwa mara kwa mara hata hivyo. Plagi ya kawaida ya nikeli yenye kiini cha shaba, ya kiwango sahihi, hulitosha. Plagi ghali ya kiwango kisichofaa bado haifai.

Baada ya kununua huja kusoma. Naam, kusoma. Mzee fundi huisoma pua ya plagi kama mhakiki anavyousoma ubeti. Rangi ya kahawia hafifu au kijivu humwambia kwamba mambo ni shwari. Masizi makavu humwambia kwamba plagi ni baridi mno au petroli ni nyingi mno. Weusi wenye unyevu wa mafuta humwambia kwamba oili inavuja kuingia chumba cha mwako. Weupe mkavu wenye malengelenge humwambia kwamba kuna joto la hatari. Hata hivyo, msomaji mwema hazingatii maandishi peke yake. Huzingatia muktadha pia. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 15. Kabureta iliyorekebishwa pwani ikipandishwa Nairobi itaipa injini petroli nyingi kuliko hewa, na plagi zitakuwa nyeusi bila kosa lao. Iliyorekebishwa Nairobi ikiteremshwa pwani, mchanganyiko utapungukiwa na petroli na plagi zitapata joto zaidi. Anayekimbilia kubadilisha plagi kabla ya kuitazama kabureta anamwadhibu shahidi na kumwacha mkosaji.

Muktadha wa wakati nao una usemi wake. Picha za rangi za plagi zilizomo katika vitabu vya zamani zilipigwa enzi za petroli yenye risasi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na Algeria, nchi ya mwisho ulimwenguni kuiuza kwa magari ya kawaida, iliacha mnamo Julai 2021. Tangazo la ushindi huo lilitolewa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lenye makao yake makuu papa hapa Nairobi. Ni heri kwa afya ya watoto wetu. Kwa msomaji wa plagi, maana yake ni kwamba petroli ya leo huacha rangi hafifu zaidi, na weupe kiasi ambao kitabu cha baba kingeuita ugonjwa huenda leo ukawa ni uzima.

Kuna pia plagi za bandia, zilizovaa majina makubwa. Maandishi yaliyofifia au yaliyopinda, hesi zenye makwaruzo, na mianya inayotofautiana katika boksi moja ni dalili za kutiliwa shaka. Huo nao ni usomaji.

Nimeyaeleza haya yote kwa sababu naamini yanawahusu walimu na wanafunzi hata kama hawatamiliki gari katika maisha yao. Katika shule zetu tumemzoesha mwanafunzi kuitafuta nane na kuishangilia aionapo. Akiulizwa swali, anatafuta neno lililomo katika kumbukumbu yake, analibandika, anangoja alama. Ni nadra kumfunza auulize ule mfumo unaolipa neno hilo maana. Mimi nilikuwa mtahiniwa wa namna hiyo pale dukani, na shahada zangu hazikunisaidia.

Kwa hiyo nawapendekezea walimu wa Kiswahili jambo dogo. Chukueni boksi tupu la plagi, mwingie nalo darasani siku ya somo la mofolojia. Andikeni ubaoni B5HS, na kando yake mwandike neno "nitampigia". Wanafunzi wavunje vyote viwili. Kama vile ni-, -ta-, -m-, -pig-, -i- na -a kila kimoja kina nafasi na kazi yake, vivyo hivyo B hutaja upana wa hesi, 5 hutaja joto, H hutaja urefu na S hutaja aina ya kiini. Badili H iwe E, na maana imebadilika kama vile umebadili -m- ikawa -ku-. Mwanafunzi anayedhani sarufi ni adhabu ya darasani ataona kwamba ulimwengu wa chuma nao una sarufi yake.

Pendekezo la pili ni la istilahi. Majina "plagi moto" na "plagi baridi" tumeyachukua kutoka kwa wenyewe bila kuyachunguza, na yamewaingiza watu katika hasara. Kwa nini tusiseme "plagi ya kutunza joto" na "plagi ya kupitisha joto"? Majina hayo yanaeleza kazi, na mwanagenzi wa jua kali atayaelewa hata kabla ya kufunguliwa kitabu. Mafundi wetu wana maarifa mapana na Kiswahili hai cha kuyaeleza. Kinachokosekana ni mtu wa kuyasikiliza, kuyasanifu na kuyaandika ili yasizikwe pamoja nao. Usione vyaelea, vyaundwa. Na walioviunda wengi hawajawahi kualikwa katika warsha zetu za istilahi.

Mzee fundi alinifungia plagi za B5HS, akapima mianya yote minne kwa geji yake iliyochakaa, akaniambia niwashe. Injini iliitika mara ya kwanza. Nilipomshukuru, alifuta mikono akasema, "Mwalimu, wewe umekosea upande wa masizi, ni upande wa huruma. Yuko aliyetumwa nane ya NGK akachukua nane ya Bosch, na injini yake ikaisha njiani." Nilifikisha karatasi za mitihani nikiwa nimechelewa kwa saa mbili. Katika swali la tatu la mtihani huo niliwataka watahiniwa wajadili uhusiano kati ya ishara na maana. Nilisahihisha majibu yao kwa unyenyekevu ambao sikuwa nao nilipokuwa nikilitunga swali.